Fundi wa Kiponda na Ubao wa Shaba Pande Mbili

Kanzu zake zote zilikuwa na matundu. Hayakuwa matundu ya uchakavu wala ya panya, bali vitundu vidogo vyenye kingo za manjano, kifuani na mikononi, kila palipomrukia tindikali. Ijumaa ukimwona anakwenda msikitini, kanzu imefuliwa ikapigwa pasi na kofia imekaa sawasawa, ungedhani mtu huyo amepita chini ya mvua ya cheche. Mkewe aliyashona kwa uzi mweupe mpaka akachoka, akasema bora kanzu ibaki vile vile, angalau upepo unaingia.

Mafundi walikuwa wengi mtaani Kiponda, mjini Unguja, wa cherehani, wa saa, wa makufuli, lakini ukisema Fundi bila ya kuongeza neno, watu walijua unamkusudia yule wa redio. Nami nitamwita hivyo hivyo.

Mimi ni mtu niliyejipandisha mwenyewe. Baba yangu alikuwa hamali bandarini, hakuna mkubwa aliyeniandikia barua ya sifa wala mjomba aliyenishika mkono. Niliondoka Unguja nikifuta mafuta kwenye mashine za meli, nikafika Uingereza, mchana nikafanya kazi na jioni nikaenda skuli, na katikati ya miaka ya hamsini nikarudi na diploma ya umeme na redio, yenye muhuri, ambayo mpaka leo imetundikwa ukutani kwangu. Anayeona najisifu na aone. Bila ya diploma ile nisingeweza kueleza Fundi alikuwa akifanya nini juu ya meza yake, na wengi waliomcheka hawakujua hata wanacheka nini.

Kwa wateja alikuwa mkali. Chumba chake cha kazi kilikuwa chini, mlango unafunguka kichochoroni, na redio zilipangwa kwenye rafu mpaka dari. Mwanamke mmoja wa mtaani alikuwa na redio isiyopona. Siku moja alikuja, nami nimekaa palepale.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Umeiangusha tena?"

"Si mimi. Paka."

"Basi huyo paka mwambie aje mwenyewe. Nna maneno naye."

Hakucheka, na mwanamke hakujua acheke au akasirike. Redio iliyomshinda kwa siku nyingi aliigeuza ikaelekea ukutani, asiione uso. Ukimuuliza hali ya redio hiyo alikujibu, "Hii si redio, hii ni kesi." Na alizinusa. Kabla hajashika bisibisi aliinama akavuta pumzi nyuma ya sanduku, kisha akakwambia pameungua wapi. Mimi nilifundishwa kupima kwa mita, na mita ndiyo sahihi, lakini lazima niseme kwamba mara nyingi pua yake ilipata.

Ilipokuja siasa, na watu waliokula sahani moja wakaanza kupita kichochoroni bila ya salamu, redio za pande zote mbili zilikaa kwake rafu moja. Wapo waliomtaka achague. Alisema ameshasikiliza redio za wote, na zote zinakoroma sawa. Kwa jibu lile alipoteza wateja wa huku na wa kule.

Lakini jambo lililonishangaza zaidi ni hili: mtu yule aliyefufua sauti za mji mzima, nyumbani kwake ghorofani hapakuwa na redio. Hakuruhusu. Akizijaribu alizijaribu chini, kwa sauti ndogo, sikio limegusa kitambaa cha spika. Ukimaliza ngazi ukaingia barazani kwake, kimya. Nilimuuliza siku moja kwa nini, mtu kama yeye.

"Nisikie peke yangu?" akasema. "Huo utakuwa utovu wa adabu."

Mkewe, Bi Zuwena, alikuwa anapoteza masikio. Ilianza baada ya homa kali iliyomlaza, akainuka mzima wa mwili lakini sauti za watu zikawa zinamfikia kama zinatoka nyumba ya pili. Alikuwa mpambaji wa maharusi, mjuzi wa piko na hina, anaitwa mtaa wa Malindi, anaitwa Ng'ambo, na mara nyengine anafuatwa kutoka shamba. Kazi yake ilikuwa katikati ya wanawake, na maneno ya wanawake kwenye kumpamba bi harusi ndiyo nusu ya harusi. Akaanza kukaa katikati ya vicheko asijue nini kimechekwa. Daktari hospitali alimwambia Fundi wazi, mimi nikiwepo kwa sababu aliniomba nifuatane naye nikaeleze maneno ya kitaalamu: mishipa ya masikio inakufa polepole. Kwa sasa sauti ikikuzwa atasikia. Utafika wakati, hata ikikuzwa namna gani, hatasikia, na wakati huo hauko mbali.

Hospitali walikuwa na mashine ya kusikilizia, wakamwazima. Ilikuwa sanduku zito la kuning'iniza shingoni, na betri yake nyengine ya kufunga kiunoni. Aliivaa harusini mara moja. Mtoto wa kike akauliza kwa sauti kwa nini bibi amevaa redio, ukumbi mzima ukaangua kicheko, na kwa bahati mbaya ile ndiyo sauti ya kwanza aliyoisikia vizuri tangu augue. Aliirudisha kesho yake.

"Ntakutengenezea ndogo," Fundi alimwambia, uso kwa uso, akitanua midomo ili amwelewe. "Ikae hapa, ndani ya buibui. Asiione mtu."

Bi Zuwena alimtazama, akanigeukia mimi. "Mwanangu, huyu anasema kweli, au ananibembeleza?"

Nilimwambia inawezekana. Na iliwezekana kwa sababu yangu. Transista zilikuwa ndiyo kwanza zinaenea Ulaya, vidude vidogo kama punje ya mbaazi vinavyofanya kazi ya zile taa za vioo za redio, navyo nilivileta ndani ya soksi zangu. Na kipande cha ubao wenye shaba iliyogandishwa pande zote mbili, sidhani kuna aliyekiingiza Unguja kabla yangu. Fundi alikishika kwa ncha za vidole, akakinusa, kisha akakiweka juu ya kitambaa.

Kwa msomaji asiyeijua kazi hii nitaeleza kidogo. Redio ya zamani ndani yake ni msitu wa nyaya. Katika ubao kama ule hakuna nyaya; njia za umeme zimechorwa kwa shaba yenyewe, bapa, na vifaa vinalehemewa juu yake. Tatizo ni kwamba njia mbili zikikutana haziwezi kupitana, zitagusana. Ndiyo maana ukitaka kitu kiwe kidogo sana unahitaji pande mbili. Njia moja ikizuiwa upande huu, unatoboa tundu, inashuka, inapita upande wa pili, inapanda mbele. Fundi alisema ni kama majirani wa siku hizi wasiosalimiana: mmoja akimwona mwenzake, anakatia uchochoro mwengine.

Jambo gumu ni kuzifanya pande mbili zioane. Ukikosea kidogo tu, tundu la upande huu linaangukia pasipo na njia upande wa pili, na ubao wote ni wa kutupa. Huko nilikosoma walikuwa na mashine za kupiga picha kwa kazi hiyo. Kiponda tulitoboa kwanza. Fundi aliazima keke ya sonara, ile ya kutobolea vipuli, akatoboa matundu yote kwa kufuata mchoro wangu, na baadaye kila upande ukachorwa kutoka tundu hadi tundu. Matundu yenyewe yakawa dira.

Wa kuchora hakuwa Fundi. Mkono wake ulikuwa mzito kwa kazi ile, na wangu, sioni haya, ulikuwa wa kuandikia. Aliyechora ni Bi Zuwena. Fundi aliyeyusha sandarusi katika spiriti mpaka ikawa vanishi nyeusi ya kunata, akaichanganya na masizi ionekane, akampa na kijiti cha chelewa kilichochongwa ncha, kile kile anachochorea piko. Bi Zuwena alikaa dirishani baada ya Alasiri, ubao umelala juu ya paja kama mkono wa bi harusi, akachora njia moja baada ya moja bila ya kuvuta pumzi. Ilipofika kona moja aliisokota kidogo, kama jani.

"Zuwena," Fundi akamgusa bega ili atazame. "Hapo pawe sawa. Umeme haupambwi."

"Na mimi sijachora umeme," akajibu, kwa ile sauti ya juu ya wasiosikia. "Nachora sikio langu."

Jani lilibaki.

Kisha ubao ulitiwa ndani ya sahani ya kauri yenye tindikali ya masonara iliyopunguzwa kwa maji, umeinuliwa juu ya vijiti vya kiberiti ili tindikali iule upande wa chini kama inavyoula wa juu. Shaba isiyopakwa huliwa, iliyopakwa hubaki. Fundi aliitikisa sahani ile mlangoni, ambako moshi wake ungepata pa kutokea, huku na huku, macho yanamtoka machozi. Wazee waliokaa baraza ya kichochoroni walikuwa wanamtazama.

"Yakhe, Fundi karukwa na akili sasa. Anapepeta shaba."

"Labda anatengeneza pesa."

"Angekuwa anatengeneza pesa angevaa kanzu nzima."

Fundi hakuinua kichwa. Alipoutoa ubao akauosha kwa maji ya mfereji, akaifuta sandarusi kwa spiriti, njia zikatokea pande zote mbili, nyekundu, nyembamba, kila tundu na njia yake. Aliuinua juani, mwanga ukapenya kwenye matundu. Nimeona mbao nyingi tangu siku ile, katika viwanda vyenye sakafu inayong'aa, na sijaona nyengine iliyochorwa na mpambaji.

Sasa nifike kwenye ukaidi wake, maana ndio ulioharibu kila kitu, na sipendi kumpamba mtu kwa sababu tu nilimpenda.

Fundi alianza maisha ya kazi kwa kutia bati masufuria. Wanaotia bati hutumia chumvi fulani nyeupe. Ukiitupa juu ya shaba ya moto inafuka moshi, shaba inatakata, bati linashika. Kwake yeye kulehemu bila ya chumvi ile hakukuwa kulehemu. Redio zote za mji alizilehemu hivyo, na kwa waya mnene wa redio ya taa haikuwa na madhara ya haraka. Lakini njia zile zilikuwa nyembamba kuliko ukucha, na chumvi ile huvuta unyevu, na hewa ya Unguja ni maji. Nilimletea ulimbo wa msonobari, ambao ndio unaotumika ulimwenguni kote kwa kazi kama hiyo.

"Fundi, chumvi yako itaila shaba."

"Kuna masufuria nimeyatia bati kabla hujazaliwa. Mpaka leo yanapikiwa pilau."

"Sufuria nene, Fundi. Hii si sufuria."

"Shaba ni shaba."

"Nimelisoma jambo hili. Nimefanyiwa mtihani juu yake."

"Na ukafaulu?"

"Nikafaulu."

"Basi ukitaka kulehemu kwa diploma, Bwana Diploma, chukua diploma yako uipashe moto ulehemu."

Nilimwachia. Kazi ilikuwa yake, mke wake, na nilikuwa mdogo kwake. Sijitii lawama, nilisema kweli, nikaisema zaidi ya mara moja, na ushahidi ulikuja baadaye ukanisadiki. Alilehemu kwa chumvi yake. Katika kila tundu alipitisha kipande cha waya, akakifunga kwa risasi huku na huku, moshi mweupe ukijaa chumba, naye anaufurahia kama ubani.

Mashine ilipokwisha ilikuwa ndogo kuliko kisanduku cha wanja. Waya mmoja unapanda sikioni. Bi Zuwena alikaa juu ya mkeka, Fundi akamvalisha mwenyewe, akazungusha kitufe. Hakusema neno. Nadhani aliogopa kuwa sauti ya kwanza.

Bi Zuwena aliinua uso akatazama dari, kisha dirisha.

"Lo!" akasema. "Kunguru bado wapo?"

Fundi akaketi chini palepale, kanzu yake ya matundu imemkunjamana magotini.

"Wapo," akasema. "Hawajenda pahala."

"Na wewe sauti yako imezeeka."

"Imezeeka."

"Sema tena."

Miezi iliyofuata ilikuwa miezi pekee niliyomwona mtu yule akiwa mwepesi. Redio ilipandishwa ghorofani. Bi Zuwena alirudi harusini, mashine imefichwa ndani ya buibui, akawa anacheka wakati wenyewe, hata kabla ya wengine. Fundi alikuwa akipanda ngazi mara kwa mara bila ya sababu, anasimama mlangoni anauliza kitu cha kipuuzi, wapi kofia yangu, na kofia iko kichwani. Wateja walisema Fundi kapatwa na nini, paka akiangusha redio siku hizi anasamehewa.

Halafu masika ikaingia. Nguo zikakataa kukauka, chumvi ya chakula ikageuka maji ndani ya mtungi. Mashine ikaanza kuvuma, kisha kukatikakatika, kisha siku moja Bi Zuwena akaivua, akaitikisa karibu na sikio, akaiweka mezani mbele ya mumewe. Hakumlaumu. Fundi aliifungua mbele yangu. Njia zilikuwa zimeota kijani kila mahali alipolehemu, na mahali pengine, hasa pale penye jani, shaba ilikuwa imekatika kabisa. Alinusa.

Nilingojea aseme. Nilikuwa na haki ya kusikia neno hilo kwake, kwamba nilimwambia. Hakulisema. Alichosema ni, "Nipe ule ulimbo wako."

Lakini sikuwa na ubao mwengine. Ilibidi niandike Uingereza, na barua zilikwenda kwa meli na mizigo ilirudi kwa meli. Wakati wa kungoja, Bi Zuwena alikuwa anakaa dirishani akitazama kunguru wakifungua na kufunga midomo. Mbao zilipofika alichora tena, Fundi akatoboa, akatikisa sahani, akalehemu kwa ulimbo. Niliikagua mimi mwenyewe njia moja moja, na nasema kama mtaalamu, haikuwa na kasoro. Alimvalisha, akazungusha kitufe mpaka mwisho, akamwita jina lake.

Bi Zuwena alikuwa anamtazama midomo. Alichelewa kidogo tu.

"Naam," akasema. "Nakusikia."

Fundi alimshukuru Mungu kwa sauti, akanishukuru na mimi. Nilikwenda kwangu nikiwa na furaha ya mtu aliyeshinda, na baada ya muda mfupi nikapata kazi Dar es Salaam, kazi ya cheo, nikahama.

Nilirudi kumwona mwishoni mwa miaka ile ya hamsini, siku za Idi. Nilivaa suti, nikachukua zawadi. Kiponda ilikuwa imenyamaza kwa namna yake. Baraza moja imekaa watu, ya pili yake tupu, na wa baraza moja hawatazami nyengine. Chumba cha chini kilikuwa kimefungwa. Nikapanda.

Fundi alikuwa amekonda, na kanzu ya Idi ilikuwa mpya lakini tayari ina vitundu. Juu ya meza palikuwa na mbao, nyingi kuliko nilizompa. Alikuwa anazitengeneza mwenyewe, anagandisha shaba nyembamba juu ya vipande vya redio mbovu, pande mbili, njia zimenyooka, matundu yameoana barabara. Nilizishika moja moja. Nilimwambia wazi kwamba kule Dar es Salaam sina fundi wa kunifanyia hivi. Bi Zuwena alikuja na kahawa na visheti, mashine imening'inia kifuani, waya umepanda sikioni. Nilimwamkia, akaitikia marahaba akiwa amenitazama usoni, akaniuliza habari za bara, akarudi kuketi upande wa pili wa chumba na kazi yake ya mkono.

"Inafanya kazi vizuri?" nikamuuliza Fundi. "Hii ya sasa ni ya ngapi?"

Fundi aliinama juu ya kikombe, akageuza uso ukaelekea ukutani, ili mkewe asimwone midomo.

"Hamna betri, mwanangu."

Nilidhani sijaelewa. "Zimekwisha?"

"Sijatia. Tangu kabla ya Ramadhani iliyopita sijatia. Nlitaka kujua."

"Na yeye?"

"Kila asubuhi nnamvalisha. Nnamuuliza, wansikia? Ananambia nakusikia. Tangu ule ubao wa pili ndivyo anavyonambia." Akanywa kahawa. "Mimi nlichelewa. Yeye hataki nijue kwamba nlichelewa. Basi kila mwezi nnamtengenezea mpya, iwe bora kuliko ya mwanzo, apate kunambia imekuwa bora."

Nimesoma vitabu vingi, na nimejibu maswali mbele ya maprofesa, lakini pale nilizungusha kikombe mkononi tu.

"Mwasema nini nyinyi huko?" Bi Zuwena akauliza, ameona tumeinamiana.

Fundi aligeuka. Alitanua midomo, akasema polepole, kila neno peke yake, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika kwa mtu yeyote. "Twaisifu mashine yako. Bwana Diploma anasema hata Ulaya hakuna kama hii."

Bi Zuwena alikunja uso kidogo, akacheka. Alipeleka kidole kifuani, akakishika kile kitufe, akakizungusha kurudi nyuma.

"Basi msipige kelele," akasema. "Inaniumiza sikio."